Siku saba kati ya Ávila na Toledo

Nimerudi nyumbani wiki tatu sasa, na simulizi hii nimeiunga kutoka kwenye daftari dogo lililolowa mvua ya Salamanca, pamoja na picha za simu ambazo zimenisaidia kukumbuka saa. Niseme mapema kilichonipeleka. Miaka minne iliyopita, usiku ambao baba yangu alikuwa anakata roho, nilitoka chumbani nikakaa kwenye benchi la korido ya hospitali. Ndani alibaki mama na kaka. Mfanyakazi wa usafi alikuwa anapiga deki kuanzia mwisho wa korido kuja upande wangu. Katika muda ule aliotumia kufika miguuni pangu, kitu kilinijia. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Nilijua tu, kama mtu anavyojua kuwa ameshiba, kwamba ndoo ile, taa iliyokuwa inapepesa na baba anayekufa, vyote vimeshikwa, na mimi nimeshikwa pamoja navyo. Nikainua miguu apitishe deki, kikaisha.

Sikumwambia mtu. Ninafundisha falsafa, na hoja za kukataa jambo la namna hiyo ndizo ninazowafundisha vijana kila mwaka. Ila halikunitoka. Ndipo nikaamua kwenda walikoishi watu wawili waliopatwa na mambo haya mara nyingi na kuyaandika kwa akili timamu kabisa: Teresa wa Ávila na Yohane wa Msalaba, watawa wa shirika la Wakarmeli wa karne ya 16 katika nyanda za Kastilia, Hispania.

Kwa atakayefuata: viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Hispania, ni yuro 90, na bima ya safari lazima iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Anza kufuatilia miadi mapema kuliko unavyodhani. Mimi ilinichukua wiki saba.

Siku ya 1, Jumatano. Madrid hadi Ávila

Ndege sina la kusema. Madrid nilipita tu. Treni ya Ávila inaondoka stesheni ya Chamartín, nauli kama yuro 10, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Baada ya nusu saa miji inaisha, yanaanza mawe, mawe makubwa ya kijivu yamelala mashambani kama ng'ombe. Ávila iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wake wa Novemba unapita kwenye koti bila kubisha hodi. Ukuta unaouzunguka mji wa kale una kilomita mbili na nusu na minara 88, na bado umesimama wote.

Chumba yuro 35, blanketi mbili. Jioni nikaingia mkahawa mdogo nikaagiza maharage ya Barco, ambayo ni fahari ya huku, nikamwomba mama mwenye jiko asitie nguruwe. Baba alikuwa Mwislamu, mama ni Mkatoliki, na mimi chakula nimefuata upande wa baba. Yule mama akaniambia maharage yameshapikwa na soseji tangu asubuhi. Akafikiri kidogo, akarudi jikoni, akanikaangia mayai mawili na viazi vilivyopondwa na pilipili nyekundu, mkate pembeni. Alinitoza yuro 6. Nadhani alinihurumia.

Kabla giza halijaingia nilipitia bustani ndogo iliyo kando ya ukuta, yenye jina la Moshe de León, Myahudi aliyeishi mji huu mwishoni mwa karne ya 13 na ambaye jina lake limefungamana na maandiko makuu ya Kabbalah, elimu ya siri ya Kiyahudi. Babu yake Teresa mwenyewe alikuwa Myahudi wa Toledo aliyegeuzwa Mkristo. Sikuwa nimepanga kuanza safari hapo, lakini ndivyo ilivyotokea, na nafurahi.

Siku ya 2, Alhamisi. Ávila

Monasteri ya Encarnación iko nje ya ukuta, mwendo wa dakika kumi ukiteremka. Teresa aliingia hapa mwaka 1535, akakaa karibu miaka 30. Kiingilio ni yuro chache. Ukifika baada ya saa saba mchana utakuta mlango umefungwa hadi saa kumi. Huku mchana watu hula na kupumzika, na makumbusho nayo hupumzika.

Wanakuonyesha gogo lililokuwa mto wake wa kulalia, na chumba cha maongezi ambamo alizungumza na Yohane, aliyekuwa padri muungamishi wa watawa hapa kati ya 1572 na 1577. Mimi nilisimama muda mrefu kuliko wote mbele ya mchoro mmoja. Ni kikaratasi kidogo kuliko kiganja, alichochora Yohane kwa wino baada ya njozi: Kristo msalabani, ametazamwa kutoka juu, ubavuni, mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama chini angeweza kumwona. Kichwa kimeinama mbele hadi uso haupo. Mikono imevutwa na uzito hadi unahisi misumari itaichana. Nilisogeza uso hadi kioo kikapata ukungu wa pumzi yangu, nikaufuta kwa mkono wa sweta.

Kuna hoja moja ninayoifundisha kila mwaka, ya mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell: kwamba kisayansi hakuna tofauti kati ya anayekula kidogo akaona mbingu na anayekunywa sana akaona nyoka. Vijana huipenda. Niliyokuwa siwaambii, kwa sababu nilikuwa siyajui vizuri, ni kwamba Teresa aliwahi kuliona hilo karne tatu na nusu kabla yake. Alikuta masista waliodhoofika kwa kufunga na kukesha, wakianguka na kusema wametekwa roho. Agizo lake kwa wakuu wao: wapeni chakula, walazeni, wapunguzieni sala. Likiisha kwa mlo na usingizi, halikuwa la Mungu. Aliyesema hivyo hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi na mwili wake. Naye alikuwa mgonjwa maisha yake yote, na alilijua hilo pia.

Alasiri nilikwenda kwenye monasteri nyingine, ya watawa wa ndani wasiotoka nje, kununua biskuti. Humwoni mtu. Kuna kabati la mbao la duara ukutani, linazunguka kama mlango wa benki, wanaliita torno. Unapiga kengele, sauti inatoka nyuma yake ikimsalimu Maria aliye safi, nawe unapaswa kuitikia. Sikujua kuitikia, nikasema tu "habari za mchana, sista" kwa Kihispania changu cha simu. Nikaweka yuro 10, mbao ikazunguka, likaja boksi la biskuti za lozi na chenji ndani ya kibakuli. Kisha sauti ikaniuliza: umekuja kutafuta nini Ávila?

Nikajibu: historia.

Kimya. Mbao ikazunguka tena. Biskuti mbili juu ya karatasi ya kufutia mikono. "Za njiani," akasema. Nilitoka pale nikiona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimemdanganya mtu nisiyeweza hata kumwona.

Siku ya 3, Ijumaa. Salamanca

Treni, zaidi kidogo ya saa moja. Mvua.

Chuo kikuu cha Salamanca kilianzishwa mwaka 1218, na Yohane alisoma hapa. Kiingilio unalipia mlangoni, na wageni wote wanasimama nje kutafuta chura aliyechongwa ukutani. Nenda moja kwa moja hadi darasa la Luis de León. Madawati yake ni magogo yaliyochongwa juujuu, yamejaa majina na mikwaruzo ya visu vya wanafunzi wa zamani hata hakuna pa kuweka kiganja kikalala sawa. Luis alikuwa mtawa wa Augustino na profesa. Mwaka 1572 alikamatwa na mahakama ya Kanisa ya kusaka wazushi, mojawapo ya makosa yake ikiwa kuutafsiri Wimbo Ulio Bora kwa Kihispania. Alikaa gerezani karibu miaka mitano. Yeye ndiye aliyekuja kuyahariri maandishi ya Teresa yakachapwa mwaka 1588, na aliandika hapo mwanzoni kwamba hakuwahi kumjua wala kumwona alipokuwa hai, ila anamjua sasa kwa sura mbili alizoziacha: mabinti zake wa kiroho na vitabu vyake.

Sentensi hiyo niliinakili kwenye daftari nikaipigia mistari miwili. Profesa, mtu wa hoja, aliyeumizwa na wenye dini, haelezi mwanamke huyu aliona nini. Anatazama kilichobaki baada yake.

Jirani tu na chuo ni nyumba ya Miguel de Unamuno, aliyekuwa mkuu wa chuo hiki mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1897 imani yake ilivunjika na haikurudi kama ilivyokuwa. Hakuiacha lakini, wala hakuishika. Aliishi akipigana nayo, na akashikilia kwamba kupigana huko ndiko kuamini kwa mtu wa zama hizi. Ninamheshimu sana. Ila nilipokuwa natazama meza yake nilihisi kwamba kwangu mimi vita vinaweza kugeuka mahali pa kujificha. Nimeishi na mashaka yangu kama mtu anayeishi na mgeni mwenye mazungumzo matamu: kwa sababu yake, kazi za nyumbani hazifanyiki.

Siku ya 4, Jumamosi

Mvua kutwa. Nilifua soksi, nikala supu ya kitunguu saumu ya yuro 4, nikasoma.

Siku ya 5, Jumapili. Alba de Tormes

Basi la Alba ni chini ya yuro 3, kilomita 20 hivi. Onyo: Jumapili mabasi ni machache mno, na ratiba niliyoiona kwenye intaneti haikuwa ile iliyobandikwa kituoni. Piga picha ya iliyobandikwa.

Teresa alifia hapa usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Asubuhi yake ilikuwa tarehe 15 Oktoba, kwa sababu usiku uleule kalenda ya Kijuliani iliondolewa ikaingia ya Gregori, na siku kumi zikafutwa. Katika kanisa la monasteri wanahifadhi mwili wake, na pembeni, ndani ya vyombo vya kioo, mkono wake na moyo wake. Sikuwa tayari kwa moyo. Ni kitu cha kahawia, kimekauka, kimetundikwa kati ya dhahabu. Familia ya watu watano ilikuwa imepiga magoti mbele yake, mtoto wa mwisho akichezea zipu ya jaketi ya bibi yake, juu, chini, juu, chini.

Wako madaktari wa siku hizi waliopendekeza kwamba Teresa alikuwa na kifafa. Yawezekana. William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, alilijibu jambo hili katika mihadhara yake ya Edinburgh ya 1901 na 1902, akimtaja Teresa kwa jina: ukisema imani ya mtu imetoka kwenye ini au mishipa yake, kumbuka kutokuamini kwako nako kumetoka kwenye ini na mishipa. Chimbuko la wazo ndani ya mwili haliamui kama wazo ni kweli. James alikiri kwamba yeye mwenyewe milango ile ilikuwa karibu imemfungia kabisa. Hata hivyo alihitimisha kwamba hali hizi zina haki ya kumtawala aliyezipata, na hazina haki ya kumlazimisha asiyezipata. Naifundisha mihadhara ile miaka tisa sasa. Nusu ya pili ya hitimisho hilo nimeifundisha vizuri. Nusu ya kwanza nilikuwa naipitia haraka, na nilipokuwa nimesimama mbele ya ule moyo ndipo nilipokubali kwa nini.

Basi la kurudi likawa limeshaondoka. Nilikaa kituoni saa nzima na nusu, giza linaingia, hakuna teksi. Gari dogo la mizigo likasimama. Mwanamume wa makamo, mkewe mbele, makreti ya machungwa nyuma. Niliponyanyua mguu kupanda nikasema "Bismillahi" kama nilivyozoeshwa na baba, na yule bwana akageuka mzima mzima. "Ukhti! Unatoka wapi?" Ni Wamoroko, wamekaa Hispania zaidi ya miaka 20, wanauza matunda.

Tulizungumza kwa Kifaransa chake na Kiarabu changu cha madrasa, mkewe akisahihisha pande zote mbili. Nikamweleza ninachofuatilia. Akasema mama yake alikuwa mtu wa zawiya, nyumba ya ibada ya masufi, hapitwi na dhikri ya Alhamisi. Yeye amekuja huku, hakuna zawiya, hakuna nafasi. Anaswali stoo, katikati ya makreti. "Siku nyingine naswali kama ninayelipa bili," akasema. "Siku nyingine, mara moja kwa mwaka labda, harufu ya machungwa inabadilika. Sijui nikwambieje." Mkewe akamwambia: usimwambie, asiyeonja hajui.

Hiyo ni methali ya masufi, na baba aliipenda kwa namna yake, alikuwa anasema asali hailambwi kwa kusimuliwa. Imamu Ghazali aliijengea hoja. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad, ulimi wake uligoma hata hakuweza kufundisha, akaacha kila kitu akaondoka. Baadaye aliandika kwamba kuna umbali mkubwa kati ya kujua maana ya afya na kuwa na afya. Daktari mgonjwa anaijua afya kwa ufafanuzi wote, lakini hanayo. Nami niliwaza, ndani ya gari lenye harufu ya machungwa, kwamba mimi ni daktari aliyewahi kuwa mzima kwa dakika chache halafu akakataa kuziandika kwenye faili.

Walikataa hela ya mafuta. Walinipa mfuko wa machungwa ambao nimeula hadi Toledo.

Siku ya 6, Jumatatu. Segovia

Kwa basi, mwendo wa karibu saa tatu. Mfereji wa maji wa Warumi ni mkubwa kama wanavyosema, tazama, endelea. Jumatatu makumbusho mengi Hispania hayafunguliwi, kwa hiyo usiipange siku hiyo kwa mambo mengi.

Nilikuja kwa ajili ya kaburi la Yohane, chini ya mji, karibu na mto Eresma. Alifia Úbeda tarehe 14 Desemba 1591, mwili ukaletwa hapa. Kaburi ni marmari na shaba, pambo juu ya pambo, kwa mtu aliyefundisha kuvua kila kitu. Nilikaa benchi la nyuma. Tulikuwa wawili, mimi na mzee aliyesinzia.

Yohane ananisumbua kuliko Teresa. Anasema njozi na sauti, hata zikiwa za Mungu kweli, usizishike. Kama zilikuwa na kazi ya kufanya ndani yako, zimeshaifanya zilipotokea. Ukizikumbatia, utaabudu zawadi umsahau mtoaji. Nikafikiria mambo ya sasa. Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walitangaza kwamba waliwapa watu 36 dawa ya uyoga inayobadili fahamu, katika chumba kilichoandaliwa vizuri, na theluthi mbili wakasema ni miongoni mwa mambo matano yenye maana kubwa maishani mwao. Siwabezi hata kidogo. Naamini walichosema. Ila siku hizi tunakwenda kuitafuta hali yenyewe, tunailipia, tunaipima, tunataka irudi. Yohane angeuliza swali jingine kabisa: baada yake uliishije na jirani yako?

Na mimi miaka minne nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa naichunguza. Kila usiku niliirudia kichwani kama mtu anayekagua noti kwenye mwanga kuona kama ni bandia.

Siku ya 7, Jumanne. Toledo

Basi hadi Madrid, kisha treni kutoka Atocha, nusu saa tu. Tiketi ya Toledo huisha haraka, nunua siku moja kabla. Toledo ni milima mitupu. Usibebe begi la magurudumu kwenye mawe yale.

Desemba 1577 Yohane alitekwa na watawa wa shirika lake mwenyewe waliopinga mageuzi ya maisha ya kitawa aliyoyafanya na Teresa, akaletwa hapa. Walimfungia kwenye kichumba kisichozidi mita mbili kwa tatu, mwanga unaingia kwa tundu juu ukutani. Walimcharaza viboko wakiwa wamekaa kula. Alitoka Agosti 1578, kwa kushuka dirishani kwa kamba ya mablanketi yaliyochanwa, akiwa na mashairi aliyoyatunga humo gizani. Ni mashairi ya mapenzi. Hakuna mahali ndani yake anapowalaumu.

Monasteri ile haipo tena. Mahali pake ni uwanja wa kutembelea, juu ya mto Tajo na daraja la Alcántara, watu wanatembeza mbwa. Nilikaa ukingoni, nikamenya chungwa la mwisho. Saa kumi na mbili jua lilikuwa limeshazama. Nikampigia mama.

"Mama, usiku ule wa baba, nilipotoka nje."

"Ulikaa kwenye benchi."

"Kuna kitu kilinipata pale. Sijawahi kukwambia."

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Wewe na kaka yako mlikuwa hamsemeshani mwaka wa pili ule," akasema. "Ulitoka umenuna. Uliporudi ulimkuta amejiinamia pale chini, ukapiga magoti ukamvua viatu, maana miguu ilikuwa imemvimba. Hukusema neno. Ukakaa naye sakafuni hadi alfajiri. Mimi niliona."

Viatu nilikuwa nimevisahau kabisa.

"Nilidhani umetoka kulia," akasema.

"Sikulia, mama."

"Haya." Kisha akauliza huko saa ngapi, kuna baridi, na kama nina kitu cha kufunga shingoni.